The Nutcracker darasani: shughuli ipi ifae kipindi kipi?

Shughuli za kuwafundishia watoto baleti ya The Nutcracker ni nyingi kuliko vipindi vilivyopo. Kuna kazi za mikono, maigizo, video, michezo ya midundo, majaribio ya sauti, hatua za baleti zenyewe. Zote zinapendeza, ila hazifundishi jambo moja na hazigharimu sawa. Hapa kila moja imepimwa kwa swali hili: kipindi kikiisha, mtoto atasikia au ataona nini katika baleti ambacho mwanzoni kilimpita? Baleti husimulia hadithi kwa muziki na mwili, pasipo neno hata moja. Mtoto akitoka darasani na mwanasesere mzuri wa karatasi bila kukumbuka sauti hata moja, amefundishwa kazi za mikono tu.

Ya kujua kabla ya kuchagua

The Nutcracker ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 18 Desemba 1892 katika ukumbi wa Mariinsky, Saint Petersburg, Urusi. Muziki ulitungwa na Pyotr Ilyich Tchaikovsky. Marius Petipa aliandaa mpango wa dansi, lakini aliugua, na kazi ikaendelezwa na msaidizi wake Lev Ivanov. Kisa kilitoka kwa Mjerumani E.T.A. Hoffmann, aliyekichapisha mwaka 1816, kisha Mfaransa Alexandre Dumas akakisimulia upya mwaka 1844.

Hadithi yenyewe inatosha kusimuliwa kwa dakika tano. Ni mkesha wa Krismasi. Msichana Clara anapewa na Drosselmeyer, mgeni wa ajabu, mwanasesere wa mti mwenye taya la kubangulia njugu. Kaka yake Fritz anamvunja. Usiku wa manane mti wa Krismasi unarefuka, panya wanavamia wakiongozwa na mfalme wao, na yule mwanasesere anasimama kupigana. Clara anamrushia Mfalme wa Panya kiatu. Vita vinaisha, mwanasesere anageuka kuwa mwana wa mfalme, na wawili hao wanapita kwenye msitu wa theluji hadi Nchi ya Peremende. Jina la msichana hubadilika kutoka onyesho moja hadi jingine: Clara, Marie au Masha. Chagua moja ulishike, maana mtoto akisikia Clara kwako na Marie kwenye video atadhani ni wasichana wawili.

Jambo jingine linalowakwamisha walimu wengi ni rekodi. Kuna mkusanyo mfupi wa nyimbo nane ambao Tchaikovsky aliutoa kabla ya baleti yenyewe, Machi 1892. Unachukua dakika 20 na kitu, nao ndio unaopatikana kwa urahisi. Lakini ndani yake hamna vita vya panya, hamna dansi ya theluji, wala dansi ya Kihispania. Ukipanga igizo la vita ukiwa na mkusanyo huo tu, siku ya kipindi utautafuta muziki usiuone. Tafuta rekodi ya baleti nzima, ambayo ni ya takriban saa moja na nusu.

| Shughuli | Muda | Vifaa | Darasa la watoto 50 | Kinachobaki kwa mtoto |
|---|---|---|---|---|
| Ramani ya kusikiliza (Gwaride) | dk 30–35 | spika, karatasi, penseli | linafaa | mpangilio wa muziki, sauti za ala |
| Igizo bila maneno | vipindi 2 | nafasi, chaki | kwa makundi | hadithi, lugha ya mwili |
| Glasi za maji na selesta | dk 35 | glasi 4 kwa kundi | gumu | kwa nini sauti ni ya juu au ya chini |
| Mdundo wa Trepak | dk 15–20 | vijiti au viganja | linafaa | mapigo, kasi |
| Mwanasesere wa karatasi | vipindi 2 | manila, gundi, mikasi | ghali na polepole | ustadi wa mikono |
| Video | dk 20 | projekta | inategemea skrini | sura ya baleti |
| Hatua za baleti | dk 10–15 | sakafu safi | uwanjani | heshima kwa kazi ya mchezaji |

Ramani ya kusikiliza: chaguo la kwanza

Ikiwa una kipindi kimoja tu, chagua Gwaride, muziki unaochezwa watoto wanapoandamana kwenye sherehe katika sehemu ya kwanza. Ni wa dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo unaweza kurudiwa mara nne katika kipindi kimoja bila kuchosha, na umepangwa kwa namna ambayo mtoto wa miaka saba anaweza kuifuata.

Mpangilio wake ni A-B-A-C-A-B-A. Katika A, tarumbeta na ala nyingine za shaba pamoja na klarineti zinatoa wito, kisha fidla na nyuzi nyingine zinajibu kwa mbio nyepesi. B inaingia kwa sauti nzito zaidi. C ni fupi sana, sauti za juu zinakimbia haraka kama panya darini, na kabla hujakaa sawa A imerudi.

Mara ya kwanza watoto wasikilize wamefumba macho, bila kazi yoyote. Mara ya pili, wakiwa wamesimama, wape vitendo: wito wa tarumbeta ukisikika, mikono mdomoni kama wanaopuliza; nyuzi zikijibu, kunyata hapo hapo kwa ncha za vidole. Mara ya tatu kila mtoto akunje karatasi kupata vyumba saba na achore alama katika kila chumba muziki unapopita: tarumbeta kwa A, alama ya kuchagua mwenyewe kwa B, mistari ya mbio kwa C. Mara ya nne wafuate ramani zao kwa kidole na kusahihisha.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni hesabu. Ndani ya A moja wito wa tarumbeta unasikika zaidi ya mara moja, na mtoto anayehesabu kila wito atajaza vyumba vyake vyote kabla ya C kufika. Waambie mapema kuwa wito na jibu ni mazungumzo ya chumba kimoja. Tunahama chumba pale sauti mpya inapoingia. La pili ni C yenyewe. Kwa ufupi wake, nusu ya darasa huikosa. Simamisha rekodi sekunde chache kabla haijaingia, useme “sikilizeni mbio”, kisha endelea. Fanya hivyo mara ya pili tu. Mara ya tatu waitafute wenyewe.

Uzuri wa shughuli hii ni kwamba inasahihishika. Ramani ya mtoto inakuonyesha amesikia nini. Shughuli nyingine hapa hazikupi ushahidi wa namna hiyo.

Igizo bila maneno, au mwanasesere wa karatasi?

Hizi mbili ndizo zinazoshindania vipindi viwili vya mwisho wa muhula, kwa hiyo zilinganishwe pamoja.

Igizo linagusa kiini cha baleti kwa sababu ya sharti moja: hakuna kusema. Wachezaji wa baleti wana ishara zao za tangu zamani, na watoto huzishika upesi. Mikono ikizungushana juu ya kichwa maana yake ni kucheza dansi. Viganja viwili kifuani upande wa moyo ni upendo. Kugusa kichwa pale taji linapokaa ni mfalme au malkia. Kuonyesha kidole cha pete ni ndoa. Ngumi mbili zilizopishana mbele ya mwili ni kifo. Vidole vilivyofumana na kuinuliwa mbele ni kuomba. Fundisha hizi sita kwa dakika kumi, kisha wape makundi ya watoto saba au wanane tukio moja kila kundi: zawadi ya Drosselmeyer, Fritz kumvunja mwanasesere, mti kurefuka, vita, msitu wa theluji, mapokezi katika Nchi ya Peremende. Kila kundi lina dakika moja ya muziki, si zaidi. Ukiwaachia dakika tatu, watatumia moja na kuhangaika mbili.

Tukio la vita ndilo linaloleta kilio. Watoto wanaoambiwa “piganeni” watapigana kweli. Chora mistari miwili ya chaki yenye umbali wa mita moja na nusu, panya upande huu na askari upande ule, mtu asivuke. Pigo moja kwa kila hesabu nne, polepole, na anayepigwa ndiye anayeamua kuanguka. Panga za karatasi ngumu zisiingie, hufika machoni. Kiatu cha Clara kiwe cha kufikirika au soksi iliyokunjwa. Mfalme wa Panya wa Hoffmann ana vichwa saba, nafasi nzuri ya kuwatumia watoto saba waliofungamana mikono wakitembea kama mnyama mmoja. Darasa kubwa linakuwa faida hapo.

Mwanasesere wa karatasi ana mvuto wake, na kwa mtoto mwenye haya anayekwepa kuigiza ni kimbilio. Mfumo unaofaa shuleni ni taya linaloteleza. Kila mtoto anahitaji manila ya ukubwa wa A4. Kata uso na kiwiliwili cha sentimita 12 kwa 28. Mahali pa mdomo toboa tundu la upana wa sentimita 4 na kimo cha 3. Katika kipande kilichobaki kata ukanda wa sentimita 5 kwa 18, na daraja la sentimita 3 kwa 10. Ukanda unapita nyuma ya uso. Daraja linaushikilia, likiwa limegundishwa kwenye ncha zake mbili pekee. Chora meno kwenye ukanda pale unapoonekana kupitia tundu. Ukivuta chini na kusukuma juu, mdomo unafunguka na kufumba.

Kinachoharibika ni karibu kila mara daraja. Gundi ikivuja hadi kwenye ukanda, taya linaganda na mtoto anaanza kulia. Weka tone moja kila ncha, sentimita moja tu kutoka ukingoni, na ukanda uingizwe baada ya gundi kukauka. Uji wa unga wa ngano hufanya kazi, ila unalowesha manila na kuhitaji kulala usiku mmoja, ndiyo maana kazi hii haimaliziki katika kipindi kimoja. Kosa la pili ni kukata ukanda mwembamba kuliko tundu la mdomo: unachomoza mbele na kuning'inia. Manila kubwa ya A1 hutoa karatasi nane za A4, hivyo watoto 40 wanahitaji manila tano, nunua sita. Mikasi ikiwa michache, mwalimu akate matundu ya midomo usiku uliotangulia, kwa kuwa tundu la katikati ya karatasi ndilo linalojeruhi vidole.

Kama somo lako ni sayansi, mwanasesere huyu ana thamani zaidi. Wanasesere wa kweli wa mti, mashuhuri kutoka kijiji cha Seiffen katika milima ya Erzgebirge, Ujerumani, hufanya kazi kwa wenzo ulio mgongoni. Funga rula mbili za mbao kwa mpira upande mmoja, weka karanga yenye ganda sentimita 5 kutoka palipofungwa, ubane ncha za mbali. Kisha isogeze hadi sentimita 20. Mtoto atahisi mkononi mwake kwa nini karanga iliyo karibu na kiungo inapasuka kirahisi. Uliza kwanza kama kuna mwenye mzio wa karanga. Akiwepo, tumia kokwa nyingine ndogo kavu.

Kwa somo la muziki au sanaa za maonyesho, igizo ndilo la kuchukua. Mwanasesere aje baadaye, na atumike: watoto wamchezeshe taya kwa mapigo ya Gwaride. Asipotumika na muziki, vipindi viwili vimekwenda.

Glasi za maji na sauti ya selesta

Dansi ya Malkia wa Peremende inajulikana kwa sauti ya kumetameta inayotoka kwenye selesta, ala yenye vibao vya kubonyeza kama piano, ambayo ndani yake nyundo ndogo hupiga sahani za chuma. Auguste Mustel aliibuni Paris mwaka 1886. Tchaikovsky aliisikia huko mwaka 1891 na kumwandikia mchapishaji wake Jurgenson amnunulie moja, lakini kwa siri, akihofia watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov wasije wakaitumia kabla yake. Simulia hili kabla ya kucheza rekodi. Watoto wakijua kuna siri iliyofichwa, husikiliza kuitafuta.

Kwanza wasikilize: nyuzi zinadonolewa, selesta inaingia, na klarineti nzito inajibu kwa kushuka ngazi. Mkono juu kwa selesta, kuchuchumaa kwa klarineti. Kisha kila kundi lipewe glasi nne za umbo moja: tupu, nusu, robo tatu, na karibu kujaa. Wagonge ukingo kwa penseli ya mbao. Maji yanapoongezeka, sauti inashuka, kwa sababu glasi inayotetemeka inabeba uzito zaidi. Usipoteze glasi kwa kipimo cha robo. Maji kidogo hivyo hayabadilishi sauti kiasi cha sikio la mtoto kugundua.

Tahadhari moja kubwa: usichanganye glasi na chupa za kupuliza katika kipindi kimoja. Chupa ikipulizwa mdomoni, maji mengi hupandisha sauti, kinyume kabisa, kwa kuwa hapo kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu na imekuwa fupi. Ni ugunduzi mzuri kwa darasa la sita. Kwa darasa la pili ni mkanganyiko. Vikombe vya plastiki havilii, na kijiko cha chuma kinaweza kupasua glasi.

Shughuli hii ina shida ya kelele. Makundi manane yakigonga pamoja hakuna anayesikia chochote. Kwa darasa la 50, weka glasi mbele, watoto wachache wagonge kwa zamu, wengine waonyeshe kwa kimo cha mkono kama sauti imepanda au imeshuka.

Trepak, video na hatua

Trepak, dansi ya Kirusi, ni ya dakika moja na kidogo. Ni ya kuamshia darasa lililosinzia baada ya chakula. Kofi-paja, kofi-paja, sehemu ya katikati badilisha kwa miguu, kisha rudi. Kasi yake ni kubwa. Mchezo wa kugonga na kugeuza vikombe mezani kwa mfuatano wa hatua nne au tano, ambao watoto huupenda, husambaratika hapa. Weka tendo moja kwa kila pigo zito, wafundishe kwanza bila muziki wakihesabu kwa sauti, na mwishoni muziki unapoongeza mbio waruhusu watikise tari au kayamba bila mpangilio. Hapo ndipo furaha ilipo.

Video inahitajika, maana mtoto ambaye hajawahi kuona baleti hawezi kuiwaza. Ila usionyeshe yote. Vipande vitatu visivyozidi dakika nne kila kimoja vinatosha: vita, theluji, na Malkia wa Peremende. Kabla ya kila kipande toa swali moja la kutafuta jibu kwa macho: “Utamjuaje Mfalme wa Panya katikati ya panya?” Bila swali, video inakuwa mapumziko. Ukiwa na simu pekee, acha video. Watoto wa safu ya tatu wataona mgongo wa mwenzao. Jijini Nairobi, wanafunzi wa Dance Centre Kenya wamewahi kuicheza baleti hii katika ukumbi wa Kenya National Theatre, na watoto wa Afrika Mashariki wakiwaona wenzao wakicheza, baleti hukoma kuwa jambo la watu wa mbali.

Hatua zenyewe ziwe chache. Visigino pamoja, vidole vimefunguliwa kiasi, magoti yakunjwe taratibu yakielekea upande wa vidole. Watoto hulazimisha nyayo zifunguke kabisa kama walivyoona, na goti ndilo linalojipinda, kwa kuwa mfunguko wa kweli hutoka kwenye nyonga. Nyayo zifunguke pale tu goti linapoweza kufuata. Pasiwe na kuruka-ruka juu ya saruji wala kujaribu kusimama kwenye ncha za vidole. Hilo ni la wanafunzi waliojengwa miaka kadhaa na mwalimu wa baleti.

Dansi za mataifa

Katika Nchi ya Peremende kuna chokoleti ya Hispania, kahawa ya Arabuni na chai ya China. Hizi ni picha ambazo mtunzi wa Urusi alizichora mwaka 1892 kuhusu watu wa mbali, na watoto waambiwe hivyo. Shughuli ya kuwavalisha kofia za karatasi na kuwafundisha wanyooshe vidole vya shahada “kama Wachina” iachwe. Makundi makubwa ya baleti yenyewe yameshaanza kuibadilisha dansi hiyo.

Kwa shule za Pwani, Zanzibar au Oman kuna kitu bora zaidi. Dansi ya Kiarabu ilijengwa juu ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Georgia, huko Kaukasi. Cheza dakika moja yake, kisha dakika moja ya taarabu yenye ala za nyuzi za udi na kanuni. Mtoto aliyezoea taarabu atatofautisha mara moja: ala gani zipo, uimbaji uko wapi, mapigo yanakaaje. Kwa mara moja, wanaojua zaidi darasani ni wao. Wape karatasi yenye safu mbili waandike walichosikia kila upande, bila kuuliza ipi ni nzuri zaidi.

Darasa likiwa na watoto wa dini mbalimbali, waeleze wazazi mapema kuwa mkesha wa Krismasi ni mandhari ya hadithi na kipindi hakina ibada. Gwaride, Trepak na glasi za maji hazigusi sikukuu hata kidogo, hivyo mzazi akisita, mtoto wake hakosi cha kufanya.

Kwa vipindi vitatu, mpangilio unaofanya kazi ni huu: cha kwanza, hadithi dakika tano na ramani ya Gwaride; cha pili, Trepak dakika kumi na tano, vipande viwili vya video, kisha ishara sita za mikono; cha tatu, igizo kwa makundi. Kusikiliza selesta kunaingia badala ya video umeme ukikatika, mradi spika ina chaji.